Mama Mchungaji Naye Ana Likizo?

Kama ndani ya nyumba yenu kuna mtoto mchanga, basi hongera sana, na pole kwa kukosa usingizi. Najua unasoma ukurasa huu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipigapiga mgongo wa mtu mpaka acheue. Mimi mwenyewe nina wa miezi saba, kwa hiyo tunaelewana.

Mwezi huu nataka tuongee kitu ambacho wengi tuliokulia kanisani tunakinong'ona tu, tena tukishafunga mlango. Ni huduma ya kanisa na mtoto mchanga. Utamsikia mtu anasema, "Mume wangu ni mtumishi, siwezi kulalamika." Mwingine anasema, "Mke wangu ndiye mwenyekiti wa akina mama, nikimwambia apumzike nitaonekana nampinga Mungu." Basi wananyamaza wote wawili, mtoto analia, na simu ya kanisa nayo inaita.

Wazo hili lilinishika nilipokuwa kwenye likizo ya uzazi. Mtoto wa kwanza nilikwenda kumzalia nyumbani kwetu Karagwe, kwa mama yangu, kama desturi ya wengi wetu. Mume wangu alibaki Dar es Salaam na kazi yake, pamoja na kwaya anayoifundisha. Kwa hiyo nilipata wiki nyingi za kukaa kwenye baraza, kunyonyesha na kutazama watu wanavyopita kwenda na kutoka kanisani. Ukikaa hapo muda mrefu unaanza kuona mambo.

HUDUMA YA KULE KWETU

Kwa ambaye hajafika, Karagwe na Kyerwa ziko mkoa wa Kagera, huku magharibi kabisa, karibu na Rwanda na Uganda. Zamani zilikuwa wilaya moja, Kyerwa ikakatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage. Kutoka Omurushaka mpaka Murongo, pale Mto Kagera unapotutenganisha na Uganda, ni zaidi ya kilomita 100, na vijiji vingi viko mbali na barabara hiyo, juu ya vilima.

Makanisa yamejaa. KKKT ina Dayosisi ya Karagwe tangu mwaka 1979, makao yake makuu yako Lukajange. Wakatoliki wana Jimbo la Kayanga, lililoanzishwa mwaka 2008 kutoka katika Jimbo la Rulenge. Waanglikana wapo, Wasabato wapo, Wapentekoste nao wapo. Padri wa Kikatoliki hana mke, ila katekista wake anaye, na ana watoto pia. Kwa hiyo ninachosema hapa hakina dhehebu.

Kwa Walutheri, usharika mmoja una mitaa kadhaa. Mchungaji ni mmoja, anazunguka kwa pikipiki. Huko mtaani anayeonekana kila siku ni mwinjilisti. Jumapili ibada. Katikati ya wiki jumuiya, nyumba kwa nyumba. Kuna darasa la kipaimara, kuna kwaya, kuna wagonjwa wa kutembelewa, kuna vikao. Msiba ukitokea, huwezi kuuambia usubiri kesho. Na hela za kahawa zikishaingia mfukoni, harusi zinafuatana kama vile watu walikuwa wameambiana.

Hiyo ni ratiba ya mtu mmoja anayejulikana kwa cheo. Sasa tafuta ratiba ya mke wake. Huyu anaitwa Mama Mchungaji au Mama Mwinjilisti. Anafundisha Shule ya Jumapili. Anaongoza kikundi cha akina mama. Anapika wageni wa kanisa wakija. Anatunza funguo, mara nyingine hata sare za kwaya. Anapokea wanaokuja kulia saa mbili usiku. Huyu hana barua ya ajira, hana mshahara, na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka kazi hiyo. Alisema "ndiyo" kwa bwana harusi, kumbe alikuwa anasema "ndiyo" kwa usharika mzima.

SHERIA INAMWONA NANI?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Akijifungua zaidi ya mtoto mmoja anapata siku 100. Haruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki sita kupita, mpaka daktari athibitishe kwamba anaweza. Akirudi, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Baba naye ana haki ya angalau siku 3 zenye malipo, ambazo azichukue ndani ya siku 7 baada ya mtoto kuzaliwa.

Siku tatu, jamani! Mume wangu alipanda basi Dar, na safari peke yake ikala zaidi ya siku nzima. Asingeongezea za likizo yake ya mwaka, angetusalimia mlangoni akageuza. Wenzetu wa ng'ambo ya Murongo, yaani Uganda, sheria yao ya mwaka 2006 inampa baba siku 4 za kazi. Kenya, sheria yao ya mwaka 2007 inampa wiki 2. Tofauti zipo, ila angalau nchi zote tatu zimekiri kwamba baba naye amepata mtoto.

Sasa ona hapa. Mchungaji mwanamke aliyeajiriwa na dayosisi anaingia kwenye zile siku 84. KKKT imekuwa ikibariki wanawake kuwa wachungaji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo si jambo geni. Mwinjilisti aliyeajiriwa anaingia kwenye zile 3. Lakini mke wa mwinjilisti? Hayumo. Kwa sheria yeye si mfanyakazi, na asiyeajiriwa hapewi likizo. Anajifungua Jumanne, na Jumapili watu wanauliza mbona watoto hawana mwalimu.

Tena nikuchekeshe kidogo. Mke wa mchungaji tunamwita Mama Mchungaji. Mume wa mchungaji mwanamke tunamwitaje? Ukisema Baba Mchungaji, watu wanadhani unamsema mchungaji mwenyewe. Hana jina, na kwa kuwa hana jina, hakuna anayemtegemea apike wageni wa kikao. Labda bahati yake iko hapohapo.

SIKU YA KUMI NA MOJA

Nina rafiki tuliyesoma naye sekondari. Ameolewa na mwinjilisti, wanaishi upande wa Kyerwa. Ameniruhusu nisimulie, bila jina lake wala la kanisa lao.

Walihamishiwa mtaa mpya mimba ikiwa na miezi saba. Walijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya tatu wageni wakaanza. Kwetu kumtembelea mama aliyejifungua ni upendo wa kweli, watu hawaji mikono mitupu. Anakuja huyu na mkungu wa ndizi, yule na maziwa, mwingine na kanga. "Mama Mwinjilisti, Bwana asifiwe! Tumekuja kukuona!" Naye, mtoto wa watu aliyelelewa kwa adabu, anaamka, anatandika mkeka, anachemsha chai. Mgeni wa saa nne anaondoka, anaingia wa saa sita.

Siku ya nane baraza la wazee lilikutana sebuleni kwake, kama lilivyokuwa likikutana siku zote kwa mwinjilisti aliyewatangulia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ratiba ilikuwa hivyo, wakaifuata. Akapika ndizi na maharage za watu tisa.

Siku ya kumi na moja jioni akaanza kutetemeka. Homa, baridi, na tumbo la chini linauma hata kukaa hawezi. Mume wake alikuwa msibani, mtaa wa pili. Simu ameizima, kwa sababu kwenye maombi unazima simu, huo ndio ustaarabu. Ndani ya nyumba hakuna mtu mzima mwingine. Aliyemwokoa ni jirani mmoja aliyekuja kuchukua funguo za kanisa. Alimkuta chini, akaita bodaboda, akambeba mtoto mgongoni kwake, wakaenda hospitali.

Ilikuwa maambukizi ya kizazi. Alilazwa siku nne, akachomwa sindano, akapona. Ningeweza kusema "Mungu ni mwema" tukafunga mada. Ni mwema kweli. Ila funguo zile zingekuwa kwa mtu mwingine siku ile, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Rafiki yangu aliniambia nesi alimuuliza, "Dada, tangu ujifungue umepumzika siku ngapi?" Akabaki anacheka, kwa sababu hakuwa na namba ya kumtajia.

KUMBE NAYE ALIKUWA KAZINI?

Mume wake si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ni kijana mpole, anampenda mkewe, na msiba ule ulikuwa wa mzee aliyekuwa peke yake. Alipofika hospitali usiku ule alikaa kwenye benchi mpaka asubuhi. Halafu akafanya kitu ambacho wanaume wengi wa huduma wanaogopa kukifanya. Alikwenda kwa wazee wake akasema, "Wazee wangu, naomba tuzungumze habari za nyumba yangu."

Mzee mmoja, wa makamo ya baba yake, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Mwanangu, kumbe Mama naye alikuwa kazini?"

Kwangu mimi jambo lote liko kwenye swali hilo. Tunapozungumzia watumishi wenye watoto wachanga, tunauliza kama wana imani ya kutosha, kama wanajua kupanga muda, kama wanapendana. Maswali mazuri hayo. Lakini hatuulizi kwanza ni watu wangapi wanaofanya kazi ndani ya ile nyumba. Kanisa linadhani limemwajiri mmoja, kumbe linawatumia wawili. Mtoto akizaliwa, yule wa kwanza anapewa siku tatu, wa pili hapewi kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumhesabu.

Wale wazee walimhesabu. Vikao vilihamia kanisani. Mwinjilisti wa mtaa jirani alikubali kupokea misiba kwa wiki kadhaa, naye alilipwa siku hizohizo alipokuja kuuguza mama yake. Shule ya Jumapili ikachukuliwa na wasichana wawili wa kidato cha nne. Akina mama walipeana siku za kuja kuteka maji na kupalilia maharage, maana mwinjilisti wa kule kwetu haishi kwa posho tu, anaishi kwa shamba. Manung'uniko yalikuwepo. Bibi mmoja alisema wanamdekeza, kwani yeye alizaa wanane na hakuacha kwaya. Lakini mtaa haukufungwa. Ibada ziliendelea, sadaka zilihesabiwa, watu walizikwa.

ZAMANI WALIWEZAJE?

Hoja ya yule bibi usiidharau, maana hata wewe utaambiwa hivyohivyo. Mama zetu walizaa wengi na huduma ikaendelea. Waliwezaje?

Waliweza kwa sababu hawakuwa peke yao. Mama aliyejifungua kwenye kibanja cha ukoo alikuwa na mkwe nyuma ya nyumba, shangazi mlango wa pili, mawifi wa kutuma dukani. Yeye alilala, wengine wakapika. Kwenda kwaya kulimaanisha kumwachia mtoto bibi yake hatua ishirini kutoka pale. Mtumishi wa leo anahamishwa. Anaweza kutolewa Nyaishozi akapelekwa Kaisho, akawekwa kwenye nyumba ya kanisa iliyo katikati ya watu wema asiowajua. Kazi za mama zimebaki zilezile, ila wale waliokuwa wanamsaidia wamebaki kijijini kwao.

Na sisi wa mjini ni hivyohivyo. Una digrii yako, una kazi yako benki au shuleni, unaishi Kayanga, Bukoba au Dar, mama yako yuko kijijini. Jioni unaongoza vijana, Jumamosi mazoezi ya kwaya, Jumapili ibada mbili. Mtoto akija, mnatazamana wawili tu, na dada wa kazi mliyempata juzi.

YETHRO ALIKUJA NA NANI?

Wahubiri wengi wanaipenda Kutoka sura ya 18. Musa anaamua kesi za watu kutwa nzima, mkwewe Yethro anamwambia kwamba atajichosha bure, achague watu wa kumsaidia, wengine juu ya elfu, wengine juu ya mia, hamsini na kumi. Semina za uongozi zinaanzia hapo.

Ila rudi nyuma kidogo, mwanzo wa sura hiyohiyo. Yethro hakuja peke yake. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, pamoja na watoto wao wawili, Gershomu na Eliezeri. Musa alikuwa amewarudisha kwa mkwewe. Kwa hiyo mzee yule alimrudishia kijana wake familia kwanza, na kesho yake, baada ya kuona kazi inavyommeza, ndipo akampa ushauri wa kugawa majukumu. Mimi nasoma hivi, mwenye kusoma vingine aniambie: alimwona mkewe na watoto wamerudi, akaona na foleni ya watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, akajua vitu hivyo viwili havitakaa pamoja bila mtu kupunguziwa mzigo.

Na Paulo, anapomwandikia Timotheo sifa za kiongozi wa kanisa, anaweka nyumba ya mtu kuwa mtihani mmojawapo. Kwa hiyo anayesema "baba leo halali nje, mtoto ana wiki mbili" hapingani na huduma.

KAENI MEZANI KABLA MTOTO HAJAJA

Haya, tufanye kazi. Sikukuu ya mavuno tunaipanga miezi kabla. Harambee ya mabati ina kamati, katibu na mweka hazina. Mtoto anatoa taarifa miezi tisa, na bado anatukuta hatujajiandaa! Mimi na mume wangu tulikaa mezani mimba ikiwa na miezi saba, na daftari. Haya ndiyo ninayoweza kukushauri, baada ya hapo na baada ya kuongea na rafiki yangu wa Kyerwa.

1. Andikeni kazi zote za kanisa za nyumba yenu. Za baba na za mama, zenye cheo na zisizo na cheo. Kuchemsha chai ya kikao ni kazi. Kutunza funguo ni kazi. Mtashangaa daftari linavyojaa.

2. Pelekeni karatasi hiyo kwa wazee, mchungaji au kiongozi wa kikundi kabla ya mwezi wa nane. Kila kazi iandikwe jina la atakayeishika. Msiseme "tutaona". Anayeshika ajue anaanza lini na anamaliza lini.

3. Siku 42 za kwanza baba asilale nje ya nyumba kwa ajili ya huduma. Kama lazima atoke, abaki mtu mzima mmoja na mama, na simu ya baba isizimwe. Iwekwe kwenye mtetemo, au ashike mzee wa kanisa. Waumini wataelewa wakiambiwa.

4. Wageni waje, ila wasihudumiwe. Mwambieni mama mmoja mwenye sauti asimame hapo katikati. Yeye ndiye atakayesema, "Karibuni, mtoto huyu hapa, mama amelala." Akisema mume, ataonekana ana majivuno. Akisema mama mwenzao, wanacheka wanaondoka.

5. Zawadi ya kazi mara nyingine inazidi ya kitu. Mkungu wa ndizi ni mzuri, lakini mkungu ulioletwa umeshamenywa na kupikwa ni mzuri zaidi. Saa mbili za palizi, ndoo tatu za maji, nguo za mtoto zilizofuliwa. Huo nao ni utumishi.

6. Kliniki nendeni wote. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waonwe na mtaalamu ndani ya saa 24 za kwanza, kati ya saa ya 48 na ya 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ziandikeni kwenye kalenda ya kanisa kabla hamjaandika semina.

7. Kurudi kuwe kwa hatua. Baada ya wiki sita, kazi moja kwanza. Baada ya siku 84, kaeni tena. Na mama aseme mwenyewe yuko tayari kwa lipi. Asisemewe na mume, wala asitangazwe mimbarini kabla hajaulizwa.

Na hili lisomeni wote wawili, hata kama mna haraka. Mama aliyejifungua akipata homa, damu nyingi, maumivu makali ya tumbo, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, au degedege, usisubiri kikao kiishe. Mtoto akiacha kunyonya, akipumua haraka haraka, akiwa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, au akilegea, hivyohivyo. Nyakahanga, Nyakaiga, Isingiro, zahanati yoyote iliyo karibu, nendeni. Tena mama akiwa analia kila siku, hataki kula, hamtazami mtoto, na wiki mbili zimepita, msimwambie amepungukiwa maombi. Muombeeni, halafu mpelekeni kwa mtaalamu. Huzuni baada ya kujifungua ni ugonjwa, na una matibabu.

NA SISI TUSIO WACHUNGAJI

Najua wengi wenu mnasema, "Mhariri, mimi si mwinjilisti, ni mpiga kinanda tu." Basi ndiyo wewe hasa. Mtumishi aliyeajiriwa ana mahali pa kuombea ruhusa. Wewe wa kujitolea huna, na kwa sababu huna, unaona aibu kuomba.

Nimeshaona kijana anapewa zile siku tatu na mwajiri wake, mbili anazitumia kufunga spika za mkutano wa injili. Nimeona kundi la WhatsApp la kwaya likilia saa tano usiku kuhusu rangi ya tai, na mtoto ndiyo kwanza amelala. Nyumbani kwetu tulikubaliana mambo matatu tu: mazoezi ni siku moja kwa wiki mpaka mtoto afikishe miezi sita, kundi linanyamazishwa saa mbili usiku, na msaidizi wake ndiye anayesimamia harusi. Mwezi wa pili ilikuja harusi ya mtu wetu wa karibu sana. Msaidizi alisimamia. Waliimba vizuri tu, na yule msaidizi, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akisimama nyuma kila siku, sasa ana ujasiri ambao hakuwa nao.

Miezi sita ya kwanza mtoto anatakiwa anyonye tu, bila hata maji. Hiyo ni kazi ya usiku na mchana, na mama hana wa kumwachia. Baba hawezi kunyonyesha, ila anaweza kuwepo. Anaweza kubadilisha nepi, kumpa mama maji, kumbeba mtoto acheue, kumwambia "lala, nimemshika". Mahubiri ya namna hiyo mke wako atayakumbuka miaka mingi.

Basi nina ombi kwako mwezi huu. Jumapili hii, ukiwa kanisani, angalia ni nani ana mtoto mchanga kati ya wanaokuhudumia. Mchungaji, mwinjilisti, katekista, mwalimu wa kwaya, yule dada wa Shule ya Jumapili. Usimuulize "mtoto hajambo?" halafu ukapita. Mwulize, "Kazi yako ipi niishike mpaka mwezi ujao?" Akitaja, ishike. Na kama ni wewe unayeulizwa, tafadhali usijibu "hapana, tuko sawa tu". Taja moja.

Tukutane mwezi ujao. Wasalimie wa nyumbani, na yule mdogo msimwamshe.